Kipande cha Shati la Mama

Kambini,
Jumapili, tarehe 30 Novemba

Mdogo wangu Taisto,

Kosa wanalolifanya wawindaji wengi ni kudhani kwamba pasipo na damu, risasi imekosa. Kulungu aliyepigwa kifuani huweza kukimbia kama aliyeshtushwa na mlio tu, na theluji nyuma yake ikabaki nyeupe pee. Damu inamwagikia ndani. Anakwenda hatua mia, hatua mia mbili, anajilaza mahali penye kiza, na mwindaji mwenye haraka anarudi kambini kutafuta kahawa na visingizio.

Naona nimetanguliza somo kabla ya salamu. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na ubao bado haujaniondoka mbele ya macho. Nianze upya, kama tulivyofunzwa nyumbani. Hujambo, ndugu yangu? Kifua kinaendeleaje? Binti yako Karin ameniambia juu ya mtungi wa hewa unaouburuta kutoka jikoni hadi dirishani, na kwamba umeupa jina la mbwa wetu wa zamani, na humruhusu mtu kuusukuma. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Shemeji Marlene hajambo? Mwambie mbegu za maua ya bluu alizotupa siku ya harusi yenu bado zinajiotea zenyewe kando ya choo cha kambi, na hakuna anayezipalilia. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa miaka sabini na tisa anavyoweza kuwa hajambo. Goti la kushoto linatabiri theluji siku mbili kabla ya redio.

Hatujaandikiana tangu tulipomzika Baba. Najua ulipouona mwandiko wangu kwenye bahasha ulitaka kumrudishia Karin mkononi. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho. Ukiimaliza, fanya utakavyo.

Kwanza, habari za msimu. Theluji ilianguka mapema, tarehe kumi, ikaganda juu kama sukari iliyoungua, kila hatua ikipiga kelele. Kulungu wamekuwa wachache. Mbwa mwitu wamerudi upande wa mto, na miti ya mialoni haikuzaa. Kambi nzima, watu sita, tumepata madume wawili tu. Waino bado ndiye mpishi. Ana miaka themanini na minane, sikio moja limekufa, na anakataa kuweka chumvi kidogo. Hawindi tena. Anasema amewaua wa kutosha, sasa anawasubiri waje kumdai. Dale, yule kijana wa akina Saari uliyemwacha ana chunusi usoni, sasa ana wajukuu wanne, anaendesha gari la kusukuma theluji la wilaya, na mdomo wake haujazeeka hata siku moja.

Desturi ya Jumapili haijabadilika. Saa sita mchana bunduki zote zinapangwa ukutani zikiwa tupu, tunakula ini na vitunguu kama lipo, na kama halipo tunakula maharage. Kisha aliyefyatua risasi akakosa mnyama anasimama, shati lake linakatwa nyuma, na kipande kinapigiliwa ukutani. Baada ya hapo kila mmoja anasimulia msimu wake, na wengine hawaruhusiwi kuuliza ila jambo moja tu: umbali. Baba aliiweka sheria hiyo ili waongo wajikwae wenyewe.

Leo Dale ndiye aliyeanza. Alitusimulia kwamba siku ya Jumanne alisinzia kibandani, akaamka akakuta kulungu jike ameingiza kichwa kwenye mfuko wake, anakula mkate wa siagi wa mtu, mwenyewe akiwa hai. Waino akatega lile sikio zima akauliza, "Umbali?" Dale akamjibu, "Umbali gani, mzee? Alikuwa karibu kuliko mke wangu alivyowahi kuwa tangu mwaka juzi!" Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nakwambia haya ili ujue kwamba chumba kilikuwa na furaha nilipokuja kukiharibu.

Sasa nikueleze ya Karin. Alifika Ijumaa asubuhi, moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali, na bunduki yako imefungwa kwenye blanketi. Alituambia kwamba hukumtuma. Ulimpa bunduki baada ya kuombwa mara tatu, ukamwambia asituulize chochote. Basi hakuuliza. Alisimama mbele ya ukuta wa mashati, akavisoma vile vipande kimoja kimoja kama mtu anayesoma majina makaburini. Vimefika thelathini na kimoja. Chako ni cha tatu kutoka mlangoni, kile chekundu chenye mistari myeusi, na maandishi ya Baba kwa wino: Taisto, 15 Novemba 1986, hatua themanini.

Dale hakuweza kunyamaza. Akamwambia, "Huyo ndiye baba yako, binti! Hatua themanini, na dume limesimama kama linapigwa picha ya harusi!" Kisha akainua kidole juu ya jiko, kwenye zile pembe za matawi kumi na mawili. "Na mchana uleule baba mkubwa wako akaenda akaliangusha. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kapewa macho, mwingine kapewa miwani, na mwenye miwani ndiye aliyeona!" Mzaha huo umesemwa kambini kila mwaka, Taisto. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikajifunza kuinama kufunga kamba za viatu kila unapoanza.

Karin hakukasirika. Aliuliza tu kama angeweza kukuchukulia kile kitambaa. Alisema shati lenyewe bado unalo, limekunjwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na kwamba akiwa mtoto alilitoa siku moja achezee, ukamnyang'anya bila neno ukalirudisha. Hakujua ni la nini mpaka mama yake alipomweleza: ni moja kati ya mashati mawili ambayo mama yetu aliyashona kwa mkono majira ya baridi ya mwisho wa uhai wake, moja langu, moja lako, na akafa Aprili kabla ya kuona msimu wa kuvaliwa. Langu liliisha kwa kuliwa na nondo. Lako liliisha kwa mkasi.

Dale alikataa, na kwa haki yake alikataa kwa upole. Alisema sheria ni ya Kalle, baba yetu, wala si yake: kipande hakitoki ukutani mpaka mwenyewe aue dume katika ardhi ya kambi hii, au afe. Karin akasema, "Basi mnasubiri lile la pili."  Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka kwenye kibanda chako cha zamani, ukingoni mwa kinamasi cha mierezi. Saa mbili na nusu nikasikia bunduki yako. Nimeizoea sauti yake, nzito, ina mkia mrefu. Nilipofika nikamkuta amesimama pale dume lilipokuwa, anatazama chini. Theluji ilikuwa safi. Dale naye akatokea upande wa pili, ameona nyayo zilivyokimbia, akaanza kupiga vidole hewani kama mkasi. "Kata, kata! Mtoto wa nyoka ni nyoka! Leo ukuta unapata baba na binti!"

Karin akamgeukia akamwambia maneno ambayo nitayakumbuka. Alisema wiki iliyopita mtu aliingia hospitali kwa miguu yake, akamwomba maji ya kunywa, shati lake safi, na kifuani ana tundu dogo kama la msumari. Damu yote ilikuwa ndani. "Kwa hiyo usinieleze habari za theluji safi, bwana. Nisaidie kutafuta, au kanywe kahawa." Dale akaenda kunywa kahawa. Mimi nikabaki.

Nilimfundisha kama nilivyowafundisha mamia ya vijana kwenye darasa la usalama wa bunduki kila mwezi wa Septemba. Usitafute chini, tafuta kwenye kimo cha mbavu, kwenye magome na vitawi ambavyo mnyama amejisugua akipita. Nenda taratibu. Weka alama kila hatua kumi. Tukafika kwenye lile gogo la msonobari, bado lipo, limeoza katikati. Hakuna kitu. Tukalivuka. Hatua thelathini mbele yake, kwenye gome la mwerezi, kimo cha kiuno changu, palikuwa na mchirizi mwembamba mwekundu usiozidi unene wa uzi wa kushonea. Dume lilikuwa limelala hatua ishirini zaidi, matawi sita, limekufa zamani. Karin alipiga magoti, akavua glavu, akaliwekea kiganja shingoni kama anavyowawekea wagonjwa wake. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza kama mwaka ule wewe na mimi tulitafuta mpaka wapi.

Nikamwambia mpaka kwenye gogo.

Akauliza nani alisema turudi.

 Nilisema tuharakishe kumtoa matumbo kabla hajaganda. Wakati tunamkokota ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Alisema hukumfundisha kulenga. Alikuomba tangu ana miaka kumi na miwili, na kila mara ulimwambia, "Nenda kajifunze kwa watu. Mkono wangu hauaminiki." Alisema hujawahi kumwinulia bunduki mnyama tena, na kwamba hata ukipigilia msumari siku hizi unamwita jirani aje akague kama umenyooka. Wewe, Taisto! Wewe uliyekuwa unapasua koni ya msonobari ikiwa bado inaning'inia!

Usiku wote wa jana sikulala, na leo zamu yangu ya kusimulia ilipofika nilisimama. Yale niliyowaambia wao ndiyo ninayokuandikia wewe, bila kupunguza.

Unakumbuka ulikuja kuniita kibandani kwangu saa tatu asubuhi. Ulikuwa na uhakika. Ulisema, "Kaka, nimempiga. Nimeona manyoya yakitimka." Tukaenda pamoja, tukatafuta mpaka kwenye gogo, hatukuona damu wala unywele. Ulitaka kuendelea. Ni mimi niliyesema basi. Nilikwambia kwa sauti ile ya darasani kwamba anayetafuta kisichokuwepo anawafukuza waliopo. Mpaka hapo sikuwa mwongo, nilikuwa mjinga tu. Ukanisikiliza kwa kuwa mimi ni mkubwa, ukaenda mjini kuleta mtungi wa gesi.

Saa saba mchana niliona kunguru wawili wanazunguka juu ya mierezi. Nikaenda peke yangu. Nikavuka gogo. Hatua hamsini mbele yake dume lilikuwa limelala, kichwa juu, haliwezi kusimama. Likanitazama nikikaribia. Nikalipiga shingoni, risasi moja. Nilipolipasua nikakuta tundu la risasi yako nyuma ya bega, imepita pafu na kuingia ini, na kifua kimejaa damu iliyoganda. Ulikuwa umeliua saa tatu asubuhi. Lilikuwa linamalizia kufa tu. Na wewe na mimi tulijua sheria ya kambi kabla hatujajua kusoma: mnyama ni wa yule aliyetoa risasi ya kwanza ya kuua. Ile yangu ilikuwa ya huruma.

Nakuapia kwamba nilipokuwa nalikokota nilikuwa nalikokota kwako. Nilitunga hata maneno. Nilikuwa nikuambie, "Nisamehe, mdogo wangu, leo mwalimu kafundishwa." Nilipofika uwanjani Baba alikuwa anapasua kuni na Waino anasugua sufuria. Baba akaangusha shoka. Akaja, akayahesabu matawi kwa kidole, moja hadi kumi na mbili. Akaniwekea mkono begani akauliza nani.

Unajua Baba alivyokuwa. Wewe alikupigapiga mgongo kwa furaha, alikukaba shingo kwa mzaha, alikubeba juu ukiwa na miaka ishirini. Mimi aliniita Mwalimu, na alilitamka neno lile kama mtu anayetema mbegu. Nilikuwa na miaka arobaini na mkono ule haujawahi kunigusa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kulitaja jina lako. Nikasema: mimi. Kisha, kwa kuwa ngozi ilikuwa na matundu mawili, nikasema: risasi mbili. Mkono ukabaki palepale, ukakaza kidogo. Nikadhani ni fahari.

Ulirudi jioni na gesi, ukalikuta limetundikwa. Ukalizunguka. Ukaniuliza kama matundu yote mawili ni yangu, nami nikakwambia ndiyo, nikikutazama usoni. Jumapili yake, mchana, ukasimamishwa. Uliomba jambo moja tu: wakate shati jingine lolote, hata yote uliyonayo, ila si lile. Baba akasema sheria haichagui kitambaa. Na aliyeshika lile pindo likavutika vizuri ili mkasi upite ni mimi, kwa sababu Baba alisema, "Mwalimu, shika." Niliona mishono ya mama ikifumuka. Neno moja lingetosha. Niliona uso wako, Taisto, nami nikashika.

Ukaondoka asubuhi kabla ya chai. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeitembea miaka thelathini na tisa. Na kila Septemba, mbele ya vijana, nikifika kwenye somo la damu isiyoonekana, mfano ninaoutumia ni dume lako. Nimelichora ubaoni mara nyingi: hapa risasi ilipoingia, hapa gogo, hapa alipolala. Sikuwahi kulitaja jina lako. Wanafunzi walinipenda kwa somo lile kuliko yote.

Nilipomaliza kusimulia, Dale alicheka, akidhani ninamtega. Kisha akaacha. Waino akauliza swali pekee linaloruhusiwa. "Umbali?" Nikasema, "Hatua kumi na mbili." Akatikisa kichwa, si kwa mshangao. Akaniambia nikae, kwa kuwa Kalle alijua.

Nilifikiri kukuficha hili la pili. Limeniuma mimi, na litakuuma wewe zaidi. Lakini nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha hapa.

Waino alisema siku ile haikuwa na upepo hata wa kuyumbisha moshi. Yeye na Baba walikuwa uwanjani, nao kama wawindaji wote walikuwa wanahesabu milio. Mchana ule walisikia mmoja tu. Baba akainua kidole kimoja, Waino akaitikia kwa kichwa. Baada ya saa moja hivi nikatokea nikasema mbili. Jioni, wakiwa wawili tu kwenye sauna, Waino akamuuliza shati la Taisto litakuwaje. Baba akamwaga maji kwenye mawe, akasubiri mvuke utulie, akasema, "Taisto atanuna mpaka Jumatano. Ana mke, ana mtoto, ana jicho, ana watu wote mfukoni. Mwalimu ana nini? Mwachie dume moja."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ule mkono ambao kwa ajili yake nilikuuza, ulikuwa wa huruma, kama ile risasi yangu. Na Baba alilikata shati la mkewe marehemu huku akijua, kwa kuwa alikuamini wewe kwamba utarudi. Waino anasema kila tarehe kumi na nne Novemba, mkesha wa kufunguliwa msimu, kwa miaka minne iliyobaki ya uhai wake, alichukua koleo la theluji akaenda mpaka barabarani. Mimi nilidhani anakagua theluji. Alikuwa anakusafishia njia.

Nilikasirika. Nilimwambia Waino alipaswa kusema. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilinyamazia uongo wa watu wengine. Wewe ulinyamazia wako." 

Nikasimama tena nikawaambia hesabu ni nyepesi. Sheria inasema kipande hakitoki mpaka mwenyewe aue dume hapa. Mwenyewe aliua tarehe kumi na tano Novemba, siku moja kabla ya kukatwa. Hakikupaswa kupanda ukutani hata saa moja. Mmoja wao alinung'unika kwamba pembe zile ni za kambi, watu wameshazizoea pale, na mambo ya kale yaachwe. Dale, ambaye nimemdharau miaka yote, akainuka bila mzaha, akafungua droo, akanipa koleo la kung'olea misumari. Akamwambia Karin, "Dada, mimi nimemcheka baba yako miaka thelathini na tisa kwa jambo ambalo hakulifanya. Mwambie Dale amesema hivyo." Kisha akapanda kwenye kiti akazishusha pembe mwenyewe, akaenda kuzifunga kwenye gari kwa kamba nne. Ukutani pamebaki alama mbili nyeupe.

Karin hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliosha mikono kwa muda mrefu, kama anavyofanya kazini, akasema, "Baba mkubwa, mimi sitamwambia kwa mdomo wangu. Andika. Nitabeba." Yuko nje sasa anawasha gari, na mimi naandika mezani, na Waino anajifanya anapanga vikombe.

Sikuombi uje, na sikuombi unijibu. Msimu umekwisha leo, na mwakani sidhani kama nitapanda tena huku. Darasa la Septemba nimeliacha. Nimewaandikia watafute mwalimu mwingine, na sababu nimeiandika pia. Jambo moja tu nataka ulijue, wewe uliyemwita jirani akague msumari: risasi yako ilipita nyuma ya bega, palepale ulipoilenga, kwa hatua themanini, dume likiwa linatembea. Halikuwa limesimama kama Dale alivyosimuliwa. Nyayo zilionyesha. Mkono wako haukuwa na kosa. Waliokuwa na kosa ni mimi na Baba.

Nisalimie shemeji Marlene, na umwombe asiichome barua hii kabla hujaisoma mara ya pili. Waino anakusalimu, anasema chumvi ataipunguza ukija. Salamu zangu kwa majirani zako, hasa yule wa misumari, mpe pole yangu kwa usumbufu.

Ni mimi kaka yako,
Onni

Kitambaa nimekifunga ndani ya karatasi ya samawati, humu humu kwenye bahasha. Wino wa Baba sikuufuta. Hiyo si kazi yangu. Tobo la msumari ni dogo, halitaonekana ukilikunjia ndani. Karin anasema uzi mwekundu mnao. Toa shati sandukuni, ukishone leo.